Jina Lililokatwa Juu ya Karatasi

Kama umewahi kusali Jumapili popote kati ya Mpanda mjini na Mamba, ukasikia wakati wa matoleo kinanda kinaanza kudonoadonoa kabla waimbaji hawajafungua midomo, basi umemsikia Cletus Fabiani. Jina lake hujalisikia, usinidanganye. Hata wanaouimba wimbo wenyewe, "Pokea Jasho", hawalijui. Na hilo ndilo lililomla mzee huyu kwa miaka thelathini, taratibu, mchwa wanavyokula mlango huku bado umesimama.

Jamani, mtu anachoka. Cletus ana miaka sitini na minane. Anakaa Makanyagio, vyumba viwili vya kupanga, na kinanda chake kimelala pembeni ya kitanda kimefunikwa kitenge cha mkewe. Jumapili anapiga misa mbili, Jumamosi harusi za watu, katikati ya wiki anafundisha kwaya ambazo zikishajua kuimba zinamsahau. Asubuhi vidole havikunjiki mpaka avitie kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Ukimuuliza hali atakwambia, "Vidole vimeshastaafu, bado mimi." Halafu anacheka peke yake.

Alizaliwa Mamba, kwa Wapimbwe wanaolima mpunga na mahindi. Kinanda cha kwanza kukigusa kilikuwa cha misheni, kile cha kukanyagia kwa miguu ndipo kitoe sauti, na padre mmoja mkali alimfundisha kusoma nota, do re mi, huku akimgonga vidole kwa rula kila alipokosea. Mwaka sabini na nane akaja Mpanda kubeba marobota ya tumbaku ghalani. Wakulima wa tumbaku wakati huo walikuwa na bendi yao, Milala Jazz: magitaa matatu, tarumbeta moja, dramu, na kinanda cha umeme ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Cletus akakigusa.

Usije ukadhani kwa sababu ya jina walipiga jazz. Wapi! Rumba tupu, kama bendi zote. Ila siku moja dereva wa wazungu waliokuwa wakitafuta madini alimwachia Cletus kaseti aliyokuwa ameichoka. Haina kava, haina karatasi, jina la mpigaji halipo. Ndani yake kuna mtu na kinanda. Mkono wa kushoto unatembea na bezi, mzito, hauna haraka. Wa kulia haukai juu ya nota, unadonoa na kuruka, unadonoa na kuruka, na dramu inachelewa kidogo kwa makusudi mpaka mwenyewe unajikuta bega limeshaanza. Cletus alikaa na kaseti ile miaka miwili, akiirudisha nyuma kwa kalamu ili asimalize betri za redio. Mkono wa kushoto ukaweza. Wa kulia ukafuata.

Bendi wakauita mtindo ule "kaseti". "Cletus, tupe kaseti!" Akiwapa, watu ukumbini wanasimama, wanatazamana, mmoja anauliza huu unachezwa kwa mguu gani. Lakini akishaushika haondoki uwanjani mpaka mafuta ya jenereta yaishe. Nyimbo kumi alitunga kwa mtindo huo. Hata mmoja haukurekodiwa. Tumbaku ilipolegea, vyombo viliuzwa, bendi ikatawanyika, na zile nyimbo kumi leo anazikumbuka vipandevipande tu, mwanzo wa huu, mwisho wa ule.

Na muda wote huo, nani alikuwa anamlisha? Tuseme ukweli bila kuoneana haya. Marsela. Walioana mwaka themanini na mbili. Marsela akaja mjini, akakaa misimu miwili akitazama barabara, kisha akarudi Mamba kwenye mashamba ya baba yake, akisema yeye hawezi kula kitu asichokilima. Kuanzia hapo mpunga ukawa unakuja Mpanda kwa basi, magunia yameandikwa "Cletus" kwa rangi nyekundu. Mpunga huo ndio uliomsomesha binti yao Angela. Cletus alikwenda Mamba wakati wa mavuno, anakaa wiki mbili, anarudi, maana harusi nazo huanza watu wakishavuna. Majirani wa Mamba walimwita mume wa msimu, na yeye alicheka nao, lakini kilimchoma.

Marsela hakuwa mtu wa kugomba. Mara moja tu, wakipepeta mpunga, alimuuliza, "Hicho kinanda, baba Angela, kimetuletea nini?" Aliuliza taratibu, bila hasira, mtu anavyouliza saa. Cletus alitaka kujibu kwamba kimeleta wimbo. Akakumbuka kwamba wimbo wenyewe hauna jina lake. Akaendelea kupepeta.

Maana wimbo upo, na mimi nakwambia ni mzuri. Aliutunga mwaka tisini na tatu, bendi imekufa, hana kazi, amekaa Mamba miezi minne mfululizo kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Aliandika sauti zote nne kwenye daftari la shule, akauweka mkono wake wa kushoto wa kaseti chini, na wa kulia unadonoa juu. Kisha akanakili kwa usafi kwenye ukurasa mwingine wa daftari hilohilo, na jina lake akaliweka juu kabisa ya karatasi, pembeni kulia, karibu litoke nje, kwa herufi kubwa, ili lionekane kabla ya kitu kingine chochote. Kiburi, bwana! Daftari lilipopelekwa mjini kupigwa fotokopi, mashine ilikata ukingo wa juu na jina likaenda nao.

Wimbo ukapendwa. Kwaya hii ikaipa kwaya ile, nakala ikazaa nakala, Katumba wakaimba, Ikola wakaimba, ukavuka mpaka Sumbawanga, na juu ya karatasi hakuna mtu. Wengine wakaona aibu ya pale patupu, wakaandika "Mtunzi hajulikani". Cletus alisema kila mahali kwamba ni wake. Watu wanaitikia, "Ndiyo, mzee," wanageuza ukurasa. Siku moja huko Katumba aliwapigia wimbo huo kwenye kipaimara, na mwalimu wa kwaya, kijana aliyevaa tai, akamsimamisha katikati na kumwambia, "Siyo hivyo, mzee. Mtunzi hakutaka hivyo." Loo! Hasira ile aliipeleka Mamba mavuno hayo, akamsimulia Marsela, na mavuno yaliyofuata akamsimulia tena. Kila mwaka anasimulia upya, na Marsela anasikiliza huku anashona magunia.

Sasa mwaka huu, mwishoni mwa mwezi wa nne, akaja Mercy. Mercy ni katibu wa kwaya anayopigia Cletus pale mjini, mwalimu wa shule ya msingi, binti mwenye heshima zake. Ilikuwa Jumanne jioni. Alimkuta mzee ametumbukiza mikono kwenye beseni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alisimama mlangoni anakunja na kukunjua karatasi. "Mwalimu, lile kava la albamu ya kwaya limekamilika. Nyimbo nane, na majina ya watunzi wote. Sasa wimbo wa nne, 'Pokea Jasho', kamati wameandika mtunzi hajulikani."

Cletus aliitoa mikono majini. "Mercy, huo wimbo nani amewapigia miaka kumi na moja?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Na nani ameutunga?"

"Mimi najua ni wewe. Wote tunajua. Lakini kuna mzee wa Sumbawanga naye anasema ni wake. Mwenyekiti kasema hataki ugomvi, mwenye nakala ya kwanza aioneshe. Kava linakwenda kuchapwa keshokutwa, Alhamisi, saa kumi. Ukinitumia picha kabla ya hapo, jina lako linaingia. Baada ya hapo tena, mwalimu, sitakuwa na la kufanya."

Nakala ya kwanza ilikuwa Mamba, ndani ya daftari, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha Marsela. Cletus alipiga simu. Haipatikani. Mwezi huo mpunga wa huko Mpimbwe umetia maziwa, punje bado laini, na ndege wameshuka, na Marsela anashinda shambani kuwafukuza kuanzia kukucha mpaka jua lizame, simu ameiacha nyumbani. Hata angempata, simu yake ni kitochi, haina kamera. Cletus alikaa kitandani, akaitazama mikono yake inayochuruzika maji. Miaka sitini na minane, akajiambia, na bado natakiwa kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Asubuhi alipanda basi.

Safari hiyo humwombei mwenzako. Kuanzia Sitalike mpaka mbuga iishe madirisha yanafungwa kwa sababu ya mbung'o, mnapikika humo ndani, na ukifungua kidogo unaumwa. Mbele ya Kibaoni barabara ilikuwa tope na basi likanasa, wanaume wakashuka kusukuma. Cletus akashuka pia, kondakta akamwambia, "Kaa wewe, babu," na akaona afadhali angetukanwa. Majimoto walifika wamechelewa mno, akalala kwa mtu wanayefahamiana. Alhamisi akakodi bodaboda mpaka Mamba, na saa nane mchana alikuwa amepiga magoti chini ya kitanda cha mkewe, anavuta sanduku.

Daftari lilikuwepo. Marsela alikuwa amelifunga kwenye mfuko wa nailoni, mafundo mawili, na ndani ameweka majani ya mwarobaini ili wadudu wasiliguse. Cletus hakulifungua. Pale nyumbani mtandao hakuna. Mtandao wa karibu unapatikana juu ya kichuguu kilicho katikati ya shamba la Marsela, kichuguu hichohicho anachosimama kufukuzia ndege. Ilibaki kama saa moja na nusu. Alilikumbatia daftari kifuani, akashika njia ya mashambani, magoti yanamuuma, moyo wake mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Alilisikia yowe kabla hajaliona shamba.

Ukikulia Mpimbwe unajua kila mwanamke ana yowe lake la kufukuzia ndege. Huliigi la mwenzako. Ukiwa mbali unasikia tu unasema, huyo ni mama Lucia, yule ni Esteria. Hili lilikuwa la Marsela, sauti imekwaruza kwa kushinda juani wiki tatu, na linapanda na kushuka hivi: so so mi, re do, so so mi, re do, na debe linapigwa katikati. "Pokeeni jasho langu, pokeeni! Mbegu tu mniachieni!"

Cletus alisimama kwenye njia.

Mavuno yote aliyokuja Mamba, ndege walikuwa wameshaondoka. Yowe lile hakuwa amelisikia tangu mwaka tisini na tatu. Na yowe hilo ndilo wimbo wake, nota kwa nota. Mwanamke amechoka, anawatukana ndege: haya, kuleni, mmeshakula nguvu zangu zote, basi nibakizieni hata mbegu. Na yeye alichukua maneno hayo, akabadilisha pokeeni kuwa pokea, akamgeuzia Mungu. Alijisikia vibaya, tena vibaya sana, lakini saa nayo inakwenda. Pengine, akajiambia, pengine liliniingia tu bila mimi kujua.

Marsela alipomwona, kombeo lilimdondoka mkononi. "Baba Angela? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Sasa umefuata nini wakati wa ndege?"

Masikini, swali hilo peke yake lilitosha kumwaibisha. Alimweleza yote, kava, mwenyekiti, mzee wa Sumbawanga, saa kumi. Marsela alisikiliza huku macho yake yako kwenye mpunga, akirusha jiwe hapa na pale. Kisha akasema, "Haya, panda. Mtandao uko upande wa machweo," akamshika mkono kumsaidia kupanda kichuguu, wazee wawili wanahema.

Cletus akafungua daftari. Ukurasa ulikuwa pale, wino wa bluu, safi. POKEA JASHO. Na juu kabisa, pembeni kulia, karibu litoke nje: CLETUS FABIANI. Machozi yalimlenga. Akatoa simu aliyonunuliwa na Angela, akalinyoosha daftari kwenye goti lake apige picha, na ukurasa wa kushoto ukafunguka nao.

Huo uliandikwa kwa penseli. Ni mwandiko wake. Nota za sauti moja tu, so so mi, re do, hazijapangwa bado, na pembeni, penye kudonoa mkono wa kulia, ameandika "hapa ndege". Na juu, katikati: Yowe la Marsela, shambani, mwezi wa tano 1993.

Alitaka kufunga daftari. Nakwambia alitaka. Kidole gumba kilikuwa kimeshashika jalada. Lakini Marsela alisoma mpaka la saba, na macho yake ni mazima.

"Hapo pameandikwa Marsela."

Cletus akamsomea. Hakuwa na namna. Alisoma mpaka "hapa ndege".

Marsela alikaa chini juu ya kichuguu, akanyoosha miguu yake iliyojaa tope. Akawa anaichambua kamba ya kombeo.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

"Nilisahau, mama Angela."

"Ulisahau. Na fotokopi nayo ilisahau?"

Cletus alikiondoa kidole gumba kwenye jalada.

"Siku ya kwanza kuusikia kanisani," Marsela akasema, "nilicheka mpaka nikafunika mdomo kwa kitenge. Matusi yangu kwa ndege, na padre ameinua mikono. Nikasema moyoni, yowe langu limemwingia mume wangu bila yeye kujua. Wapiga muziki ndivyo walivyo, wanasikia vitu, hawajui vimetoka wapi. Nikakusamehe siku hiyohiyo, kabla ya komunyo. Kumbe nilikusamehe kitu kingine."

Basi hapo ndipo uchovu wote wa Cletus ulipomshukia, wa vidole, wa safari, wa miaka ya kugombana na mashine ya fotokopi. Aliona aibu, aibu ya kweli. Miaka thelathini amelia jina lake limekatwa, na wa kwanza kukata jina alikuwa yeye, kwa mkono wake, alipogeuza ukurasa.

Simu ikaita. Ilikuwa saa tisa na nusu na mtandao umeshika.

"Mwalimu! Umepata? Nitumie sasa hivi, wananisubiri."

"Nimepata. Nakutumia kurasa mbili, Mercy. Andika Marsela Wiliam."

"Nani huyo, mwalimu? Kamati wataniuliza."

"Mke wangu. Mtunzi."

"Na wewe sasa nikuandike wapi?"

Cletus aliitazama mikono yake. "Mimi napiga kinanda. Andika hivyo, kama pana nafasi."

Marsela, bila kugeuza kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwambie aandike katikati. Pembeni panakatwa."

Picha zikaenda, moja, halafu ya pili. Cletus alipoinua macho, mpunga wa upande wa mtoni ulikuwa umegeuka rangi. Wao walipokuwa wanazungumza, ndege kwelea kwelea walikuwa wameshuka, mamia, wanakula kwa utulivu kabisa. Marsela akawatazama. Akainuka kwa kushika magoti, akampa mumewe debe na kijiti, na kombeo akamvisha shingoni.

"Leo piga kelele wewe," akasema. "Mimi nimechoka."

Akateremka, akajilaza kwenye kivuli cha kichuguu, akajifunika kitenge usoni. Cletus alibaki juu peke yake na shamba lote limemtazama. Alipiga debe. Ndege wachache wakaruka, wakatua palepale. Akakohoa, akafungua mdomo, so so mi, re do, sauti ya mzee aliyefundisha wengine kuimba na mwenyewe haimbi, inatetemeka, inapasuka katikati. "Pokeeni jasho langu, pokeeni..."

Chini, kutoka ndani ya kitenge, Marsela akamsimamisha.

"Siyo hivyo, mzee. Mtunzi hakutaka hivyo."